Bomba la Maji Moto Lisikatwe

Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Jubilei ya Chuo,

KUHUSU: SENTENSI MOJA ILIYOWEKWA CHINI YA PAKA

Mimi ni mzima, hofu ni kwako, na ukifika mwisho wa barua hii hofu hiyo itakuwa imepata sababu. Naandika kwa heshima zote. Heshima hiyo nimeishika kwa mikono miwili tangu asubuhi, maana mke wangu amenionya kwamba nikiidondosha hamtanijibu kabisa.

Najitambulisha. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, na enzi zangu nilikuwa mchezaji namba tatu wa timu ya skwoshi ya wanaume ya chuo chetu. Kwa asiyeujua mchezo huu, na ukisoma kitabu chako utadhani mwandishi ni mmoja wao, watu wawili wanajifungia kwenye chumba kirefu, wanapokezana kupiga kijipira cha raba ukutani kwa raketi, mpaka mmoja ashindwe kukirudisha. Ni mchezo wa watu wenye adabu. Ukimkanyaga mwenzako unamwomba radhi huku bado unakimbia.

Mwezi uliopita ofisi yako ilitutumia sisi wakongwe rasimu ya kitabu ili tuisome na tuoneshe penye makosa. Ahsante sana. Nimeisoma, na makosa nimeyaona. Naomba ukae vizuri.

1. Kosa la kwanza ni ufupi. Historia yote ya timu yetu umeimaliza kwa sentensi moja, nayo ni hii: "Kulikuwa pia na timu ya skwoshi ya wanaume, ambayo haikuwahi kushinda mechi ya ugenini." Basi. Nukta. Juu yake kuna ukurasa mzima wa paka wa maktaba, pamoja na picha yake amelala juu ya kamusi. Sina ugomvi na paka. Nilimfahamu, alikuwa mpole, na alikuwa anaingia maktaba mara nyingi kuliko mimi. Ila umeandika kwamba paka huyo aliwahi kuvunjika mguu akatibiwa na "mwanafunzi mmoja." Mwanafunzi mmoja! Jamani! Huyo mwanafunzi mmoja alikuwa akisomea udaktari wa mifugo na ndiye aliyekuwa nahodha wetu. Mguu wa paka aliufunga kwa utepe alioubandua kwenye mpini wa raketi yake, siku ya mechi, akaenda kucheza na mpini mtupu unaoteleza. Raketi ilimtoka mkononi katikati ya seti ikapita juu ya kichwa cha mgeni wetu. Paka akapona, akapata ukurasa. Aliyemponya hana hata jina.

Sisi tunamwita Nahodha mpaka leo. Hata mke wangu anamwita Nahodha, na yule ni kaka yake wa tumbo moja. Kwa maana hiyo ni shemeji yangu, na ninayoyasema hapa usiyachukulie kama maneno ya mtu baki.

2. Kosa la pili ni hilo neno "haikuwahi." Sikatai kwamba ni kweli. Nimekaa nikakumbuka safari zote, nikahesabu na zile tulizopotea njia, nikakuta ni kweli tupu. Lakini ukweli nao huvalishwa nguo kabla ya kutolewa barazani. Ungeweza kuandika kwamba timu ilikuwa inasafiri sana. Ungeweza kuandika kwamba ilipendwa mno na wenyeji wake, maana tulipendwa, hakuna mwenyeji asiyempenda mgeni wa namna yetu.

Naomba nikueleze sentensi yako ilifanya nini. Nahodha ni mtu wa maneno. Anabishana na redio, na redio ikizimwa anaendelea. Siku alipoisoma rasimu alivua miwani, akaikunja ile karatasi, akaisukuma chini ya sinia la chai, akanyamaza. Kesho yake alikuwa bado amenyamaza. Dada yake alimchokoza kuhusu kofia yake ile ya sufu, ambayo kwa kawaida huitetea mpaka mate yakauke, hakujibu kitu. Ana wajukuu ambao wanajua kabisa kwamba babu yao alikuwa bingwa. Hakuwadanganya. Aliwaambia kwamba nyumbani kwetu hatukuwahi kufungwa, wakaimalizia hadithi wenyewe. Siku ya jubilei watakuja na nguo zao mpya, watakifungua kitabu na kutafuta jina la babu, na watamkuta paka. Nahodha anasema afadhali yeye asije kabisa. Hilo ndilo linaloniuma, Ndugu Mhariri. Nitasema mengine mengi hapa chini, lakini uchungu wenyewe ni huo.

3. Kosa la tatu ni picha. Kwenye sura ya majengo umeweka picha yetu ya timu, na chini yake umeandika: "Wanafunzi katika chumba cha boila." Hicho si chumba cha boila. Hicho ni kiwanja cha skwoshi. Nakubali kwamba kuna bomba. Nakubali kwamba kuna mvuke. Nakubali pia kwamba yule mwenzetu mnene tuliyemwita Pazia, kwa kuwa akisimama mbele yako huoni mpira wala ukuta, ameshika taulo na ana sura ya mtu anayesubiri maji yachemke. Lakini ungeuliza.

Na kwa kuwa hukuuliza, nakueleza. Wakati chuo kinajengwa, ramani ya kiwanja ilichorwa vizuri na mtu aliyejua kazi yake. Kwenye ukuta wa mbele alichora mstari mwekundu wa kulala, usawa wa kichwa cha mtu, kwa sababu ukuta wa skwoshi ni lazima uwe na mstari huo wa kuanzishia mchezo. Ramani ikafika kwa fundi bomba. Fundi bomba mwenye akili timamu akiona mstari wa buluu kwenye ramani huweka bomba la maji baridi, na akiona mwekundu huweka la maji moto. Yule alikuwa na akili timamu. Akafunga bomba la maji moto kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine, akalinyoosha kwa pima maji, safi kabisa, akaliunga na jiko la chuo upande wa kushoto na mabafu ya bweni upande wa kulia. Walipokuja kugundua, bweni zima lilikuwa limeshazoea kuoga maji moto. Nani angethubutu kulikata?

Basi tukajifunza mchezo na bomba letu. Mpira ukigonga mgongo wa bomba unaruka hadi darini. Ukigonga tumbo la bomba unadondoka chini kama embe bovu, hauruki tena, na pointi ni yako. Pigo hilo la tumboni tuliliita kufuli. Nahodha alikuwa fundi wa kufuli kuliko sisi sote. Kabla ya kila mechi alikuwa akigonga bomba kwa raketi, ko, ko, ko, na mpishi mkuu huko jikoni akisikia anafungulia maji moto, bomba linaanza kunguruma na ukuta unatoka jasho. Wageni walikuwa wanatazamana. Mmoja aliomba kutoka nje akapige simu nyumbani. Hatukufungwa kwetu hata siku moja, na hilo, Ndugu Mhariri, sikuliona popote katika kitabu chako.

4. Sasa nasikia kwamba kabla ya jubilei kiwanja "kitarekebishwa kiwe cha kiwango," yaani bomba litakatwa. Sikulala vizuri. Mimi nimepima ardhi maisha yangu yote na najua kiwango ni nini. Kiwango ni kile ambacho watu wa kwanza walikizoea wakawalazimisha wa pili. Ukuta wa kwanza wa skwoshi niliouona mimi ulikuwa na bomba. Wa kwanza waliouona wenzangu ulikuwa na bomba. Kwa hiyo kisicho cha kiwango ni kuta za wengine.

5. Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha malalamiko yangu, na naomba unifuate taratibu. Kama kuta za wengine si za kiwango, basi mechi zote tulizocheza ugenini zilichezwa mahali pasipo halali, na matokeo yake ni batili.

Chukua mfano wa chuo cha kilimo. Ukuta wao wa nyuma ulikuwa wa kioo. Nani alituambia kuna kuta za kioo? Pazia aliingia kiwanjani, akamwona mtu mnene anamjia, akampisha kwa adabu, yule naye akampisha, wakapishana hivyo mpaka watazamaji wakaanza kupiga makofi. Alianza mechi akiwa ameshachoka. Hiyo ni halali?

Au chukua chuo cha ualimu, ambako tulikwenda kila mwaka. Nahodha wao alikuwa mrefu mwembamba, tulimwita Mshale. Kila mwaka Nahodha wetu alisogea hadi ukuta wa mbele, akagonga ko, ko, ko kwenye plasta tupu, na wenyeji wakavua kofia wakidhani tunasali. Kisha akapiga kufuli, nzuri kabisa, palepale ambapo tumbo la bomba lingekuwapo kama wangekuwa watu waliostaarabika. Mpira ukagonga ukuta mtupu, ukarudi mzima wa afya mpaka kwenye raketi ya Mshale. Kila mwaka Mshale alimfunga, na kila mwaka alimpa mkono akamwambia pole. Nahodha alikuwa anavumilia kufungwa. Ile pole ndiyo iliyokuwa inamkaa kooni mpaka tufike nyumbani.

Kwa hesabu hiyo, ukiondoa mechi batili, timu ya skwoshi ya wanaume haikuwahi kufungwa popote duniani. Naomba iandikwe hivyo. Mchezaji wetu wa akiba, ambaye tulimwita Akiba na ambaye hakuwahi kuingia kiwanjani hata mara moja, anaunga mkono hoja, ila anaomba itajwe pembeni kwamba yeye hakufungwa hata kwa hesabu yenu ya zamani.

6. Najua utaniuliza kuhusu timu ya wanawake, ambayo umeipa kurasa tatu na picha ya vikombe. Walifanya mazoezi kwenye kiwanja hichohicho, chenye bomba hilohilo, kisha wakaenda ugenini wakashinda. Hoja hii imeshaletwa mezani kwangu na mke wangu, aliyekuwa mchezaji wao namba mbili. Anasema kwamba siri yao ilikuwa ndogo tu, kwamba wao bomba waliliona kuwa ni bomba, wakalikwepa, wakajifunza kucheza. Nimeitafakari hoja hiyo kwa makini na nimeikataa, kwa sababu mtoa hoja ana maslahi binafsi na vikombe viwili sebuleni kwangu.

7. Kwa hiyo, baada ya kueleza yote hayo kwa utulivu, natoa maombi yafuatayo, na naamini hakuna lililozidi. Bomba lisikatwe, bali lipakwe rangi. Timu yetu ipewe kurasa nne, yaani moja zaidi ya wanawake, kwa ajili ya usawa. Paka atajwe ndani ya kurasa zetu kama mgonjwa wa Nahodha, na picha yake ipunguzwe. Chuo cha ualimu, chuo cha kilimo na vingine vyote viandikiwe barua vifunge bomba la maji moto kwenye kuta zao za mbele, kisha mechi zote zirudiwe. Wachezaji waliokwisha kuzeeka wapewe muda wa kupumzika kati ya pointi na pointi. Waliotangulia mbele ya haki wahesabiwe sare. Na wakuu wa mchezo huu, popote walipo, waarifiwe kwamba kuanzia jubilei hii skwoshi isiyo na bomba iitwe jina lingine. Jina lenyewe wachague wao, mimi si mtu wa kulazimisha.

Kama maombi haya ni mazito, basi nipe jambo moja tu. Nipe sentensi inayosema kwamba Nahodha aliwahi kushinda. Mengine tutazungumza.

Wasalimie wote ofisini kwako, mchapaji, mpiga picha (huyo msalimie kwa mbali), mhudumu wa maktaba, mkuu wa majengo na msumeno wake, na kama paka aliacha kizazi, kisalimie pia. Huku kwetu wote wazima, isipokuwa yule anayenyamaza.

Ni mimi, kwa unyenyekevu usio na kifani katika historia ya chuo,

Mchezaji Namba Tatu

Nyongeza, baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, barua ilikuwa imeshabandikwa gundi. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, na tafadhali, kama bado hujaanza kuisoma, anzia hapa.

Mke wangu aliisoma ilipokuwa mezani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akachukua simu, akampigia Mshale. Sikujua kwamba ana namba yake. Kumbe Mshale naye amestaafu, anaishi jirani na chuo chake cha ualimu, na kila Jumamosi huwa anakwenda kiwanjani kupiga mpira ukutani peke yake kwa sababu marika zake wote wamemkimbia. Mke wangu akamwambia tunakuja. Nahodha alikataa. Akasema goti lake halitaki. Dada yake akamjibu kwamba goti halijaalikwa, aliyealikwa ni yeye, na kwamba asipopanda gari atamvalisha ile kofia ya sufu kwa nguvu na kumpiga picha ya kitabu. Akapanda.

Kiwanja ni kilekile, ukuta uleule mtupu. Mshale amekonda zaidi, na mgongo wake sasa haupindi, akitaka kuokota mpira inabidi aombewe. Walikubaliana seti moja. Nahodha akasogea hadi ukuta wa mbele kama zamani, akainua raketi agonge. Tukangoja. Akaitazama ile plasta kwa muda, akaishusha raketi, akarudi nyuma bila kugonga. Sikuelewa.

Walicheza kama watu wawili wanaopaka rangi nyumba moja, kila mmoja upande wake. Pazia, tuliyempitia njiani pamoja na Akiba, alilala kwenye benchi. Akiba alikuwa amekuja na raketi, ili awe tayari. Mwishoni ikabaki pointi moja. Nahodha akapiga kufuli. Nikafumba macho, maana nimeiona ile safari ya mpira kila mwaka wa ujana wangu, najua unakwenda wapi na unarudi kwa nani.

Haukurudi. Mkono wa Nahodha hauna tena nguvu zile. Mpira ulikwenda taratibu, ukashuka njiani, ukaugusa ukuta chini kabisa, juu kidogo tu ya bati, ule ukanda wa chini ambao mpira ukiugusa umepoteza pointi, ukadondoka ukafia palepale. Uzee umefanya kazi ya bomba. Mshale aliutazama mpira pale chini, akamtazama Nahodha, akaja kumpa mkono, na kabla hajafungua kinywa Nahodha akamwahi. Akamwambia pole. Kisha wakakumbatiana, akalia, nami nikalia, na mke wangu akasema ni vumbi la kiwanja.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la saba. Hayafai tena. Kama mechi za ukuta mtupu ni batili, basi na hii ni batili, na hii nitaipigania mpaka kaburini. Ni halali. Na kama hii ni halali, basi na zile nyingine zote ni halali. Tulifungwa. Andika. Andika kila kipigo, na cha kioo pia, tutakuletea na vile ulivyovisahau. Bomba likateni hata kesho. Nahodha anaomba kipande tu, cha kuwaonesha wajukuu. Paka abaki na ukurasa wake, alikuwa mtu mzuri.

Nahodha ameanza kuongea tangu Jumamosi na hajanyamaza. Hivi ninavyoandika yuko sebuleni anabishana na redio, na anashinda. Atakuja jubilei, ameshauliza viti vya mbele viko wapi. Sentensi yako ilikuwa sahihi na haihitaji kurasa nne. Inahitaji mkia mfupi tu, nao nimekuandalia hapa ili usisumbuke: "Kulikuwa pia na timu ya skwoshi ya wanaume, ambayo haikuwahi kushinda mechi ya ugenini mpaka Jumamosi iliyopita."